Siku Nane za Kuchuna Blanketi

Mama yangu aliugua siku nane kabla ya yeyote nyumbani kumwita mgonjwa. Katika siku hizo nane angeweza kupelekwa hospitali wakati wowote, mchana kweupe, kwa barabara ya lami. Hakupelekwa. Aliyemchelewesha kuliko wote ni mimi, binti yake wa kwanza, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha watu jinsi akili ya binadamu inavyofanya kazi. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nilicheka wakati ule, na wengine wakacheka pamoja nami.

Ninafundisha utangulizi wa saikolojia katika chuo kimoja kidogo mjini Kericho. Wanafunzi wangu wengi wanataka kuwa walimu wa watoto wadogo, na somo hili wanalichukua kwa sababu wamelazimishwa. Naanza kila muhula na yule mbwa aliyezoeshwa kusikia kengele kabla ya chakula, hadi siku ambayo chakula hakikuja, kengele ikalia tu, mate yakamtoka. Wanafunzi humcheka mbwa. Kisha nawauliza ni nani kati yao tumbo halimngurumi kengele ya saa saba ikilia, na hapo wanaacha kucheka, wanaanza kuandika. Nilikuwa napenda sana dakika hiyo.

Baada ya mbwa, mfano wangu mkubwa alikuwa Mama. Alichuna majani ya chai zaidi ya miaka thelathini katika shamba moja la kampuni. Wazazi wangu walitoka Kisii wakiwa vijana, wakapewa chumba katika nyumba za wafanyakazi, na humo ndimo tulimozaliwa. King'ora cha alfajiri kilituamsha sote, mtu mzima na mtoto mchanga. Halafu kampuni ikaleta mashine. Wanaume wachache wakiwa na mashine moja walimaliza kwa asubuhi sehemu ambayo mstari mzima wa akina mama ulikuwa ukiichuna siku nzima, na Mama akapewa barua, akapewa mkono, akaenda. Alihamia Chepseon, kwenye kiploti ambapo mdogo wangu wa kike alikuwa amejenga vyumba viwili. Huko hakuna king'ora. Hata hivyo kila alfajiri aliamka, akavaa gambuti zake, akakaa kitandani akingoja. Niliwasimulia wanafunzi hayo kila muhula, na kila muhula waliguna kwa huruma. Chai ya Mama ilinisomesha mimi, kisha ikawasomesha wao.

Nilikuwa na mfano mwingine niliouringia zaidi. Watafiti waligundua zamani kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Mtu anaweza kusahau alikula nini jana, akasahau hata jina la mjukuu wake, lakini ukimpa baiskeli aliyoiendesha ujanani, miguu inakumbuka. Mama alikuwa ameanza kusahau mambo madogo madogo. Mikono yake haikusahau lolote. Akipita karibu na ua lolote lenye majani machanga, vidole vilinyofoa ncha, majani mawili na chipukizi, na yeye hata hajui. Nilimwonyesha kwa ndugu kama mtu anavyoonyesha redio mpya.

Basi Jumamosi moja mdogo wangu alinipigia simu. Alikuwa kati ya kucheka na kuogopa.

"Mama amelala tangu asubuhi hataki kuamka vizuri. Lakini mikono inachuna. Kuja uone."

Nilifika mchana. Mama alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, na mikono yote miwili ilikuwa juu ya blanketi ikifanya kazi. Kidole gumba na cha shahada vilibana manyoya ya blanketi, vikavuta kidogo, vikaachia, vikasogea. Kulia, kushoto, kulia. Ulikuwa mwendo ule ule niliouona nikiwa mtoto nikimfuata nyuma yake kwenye mistari, isipokuwa sasa hakukuwa na kikapu mgongoni.

Jirani yake aliingia na chupa ya chai. Huyu ni mama mmoja mzaliwa wa kule ziwani, aliyechuna mstari wa pili kutoka kwa Mama tangu mimi nikiwa darasa la kwanza, na walistaafishwa siku moja. Alisimama mlangoni, akatazama, akapiga makofi.

"Uuuwi! Mwenzangu bado iko shamba! Angalia hiyo mkono. Hata ile mashine yao haiwezi!"

Wenzake wengine wakaja, nao ni wachunaji wa zamani kama yeye, mpaka chumba kikajaa. Walicheka na kufuta machozi. Mmoja akamwambia Mama apunguze, nyapara ameshaondoka. Nataka nieleweke vizuri hapa: wanawake hao si wajinga. Waliona kitu walichokifanya maisha yao yote, wakakitambua mara moja, na walifurahi kwamba kampuni ilikuwa imemnyang'anya mwenzao kila kitu isipokuwa hicho. Katika nchi nyingine, mtu akianza kunyofoanyofoa blanketi, watu wangeshtuka. Kwetu tulisema anachuna chai.

Na mimi, msomi wa familia, nikawapa jina la kitaalamu. Nilivuta kigoda nikaketi, nikawaeleza kwamba kazi iliyorudiwa miaka mingi huhama kutoka kwenye akili inayofikiri, ikaenda kukaa mahali pengine pa ndani zaidi, na kwamba mtu anaweza kuifanya hata akiwa usingizini. Waliitikia kwa vichwa. Jirani akasema, "Kumbe elimu iko kazi."

Mdogo wangu ndiye pekee ambaye hakuitikia. Alinivuta hadi jikoni.

"Lakini hakuli. Na tangu juzi akienda choo anasema mkojo inachoma."

"Ni uzee," nikamwambia. "Mpe uji mwepesi na maji mengi."

"Sawa. Wewe ndiye umesoma."

Hakusema kwa kejeli. Ningefurahi kama angesema kwa kejeli.

Kuna jambo ninalolifundisha karibu na mwisho wa muhula. Mtu akipatwa na shida mbele ya mtu mmoja, huenda akasaidiwa upesi. Akipatwa na shida hiyo hiyo mbele ya umati, anaweza kuachwa hapo hapo, kwa sababu kila mmoja anatazama nyuso za wenzake, na nyuso zikiwa tulivu, kila mmoja anaamini hakuna shida. Nalifundisha kwa mfano wa mtu aliyeanguka sokoni. Kumbe ningeweza kutumia chumba cha Mama. Wanawake wote waliokuwamo siku hiyo walinitazama mimi usoni, na uso wangu ulikuwa unatabasamu.

Nilitoa simu nikarekodi video.

Jumanne niliionyesha darasani, ukutani, mikono ya Mama ikiwa mikubwa kama milango. Sikusema ni nani, nilisema tu ni mchunaji mstaafu, lakini walijua. Wengi wao ni watoto wa wachunaji, wengine bado mama zao wako shambani. Walicheka kwa upendo. Kijana mmoja aliinua mikono yake akachuna hewa, darasa zima likafuata, chumba kizima kikichuna. Sijawahi kuwa na kipindi kizuri kama hicho. Nasema ukweli: nilitoka pale nikijihisi mwalimu hasa.

Mwanafunzi mmoja alibaki nyuma. Alikuwa mama wa watoto wawili, mkubwa kuliko wenzake, mtu wa Sigor, asiyezungumza darasani mpaka aulizwe. Alingoja wenzake wote watoke.

"Madam, naomba kusema kitu. Huyo mama ni mgonjwa."

"Amezeeka," nilisema nikikunja waya wa projekta.

"Cucu, nyanya ya bwanangu, alifanya hivyo. Mimi ndio nilikuwa namwangalia. Alikuwa anashikashika shiti hivyo hivyo, tukadhani ni kuota. Daktari akasema ni homa imepanda kichwa. Huyo apelekwe hospitali, Madam."

"Cucu alikuwa mchunaji wa chai?"

"Hapana. Tulikuwa tunalima mahindi tu."

"Unaona?" Nilimtabasamia, lile tabasamu la walimu. "Huyu alikuwa mchunaji. Ndiyo tofauti. Na tulisema nini wiki iliyopita? Mfano mmoja si ushahidi."

"Sawa, Madam," akasema. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Mimi nilikuwa nimetoka kulifundisha darasa zima kwa mfano mmoja. Hilo sikuliona. Wiki iliyofuata ndiyo nilipaswa kufundisha kwamba akili ya mtu hupenda kuokota ushahidi unaokubaliana na kile ilichokwisha kuamini, na ule unaoipinga huuacha umelala chini. Maelezo nilikuwa nimeyachapisha tayari, yako mezani, yamebanwa na pini.

Alhamisi nilirudi Chepseon. Sikurudi kwa sababu ya maneno ya yule mwanafunzi, natamani ningekuwa nimerudi kwa sababu hiyo. Nilirudi kwa sababu video ya kwanza ilikuwa na giza, na mwenzangu mmoja wa idara aliomba iliyo bora zaidi. Mama alikuwa vile vile, ila vidole vilikuwa vimeongeza kasi na midomo ilikuwa mikavu. Nilipomshika mkono ulikuwa wa moto. Niliangalia juu, nikaona mabati, nikaona jua la saa nane, nikaridhika kwamba ni joto la nyumba tu. Alinong'ona kitu ambacho hakuna aliyekisikia vizuri. Mimi nikasema anaulizia mizani, kama majani yake yameshapimwa. Mdogo wangu alinitazama, akatazama chini.

"Leo nimpeleke hospitali hata kama ni kupimwa tu?" aliuliza.

"Kumtoa hapa kutamchanganya zaidi. Wazee wanataka mahali wanapopajua."

Hilo nalo ni kweli. Limeandikwa vitabuni. Nilikuwa na jibu la kweli kwa kila swali siku ile, na yote yalikuwa yanamsogeza Mama kaburini.

Jumapili asubuhi mdogo wangu alishindwa kumwamsha kabisa. Hakunipigia simu kuniuliza. Aliita gari, akasaidiana na jirani kumbeba, na nilipopata habari walikuwa wameshafika hospitali. Nashukuru kwamba hakuniuliza. Sijui ningemjibu nini, na ninaogopa kwamba najua.

Daktari alikuwa kijana, mpole, macho yamechoka. Alikuwa akiuliza maswali huku anaandika.

"Hii ya kushikashika nguo ilianza lini?"

"Tangu Jumamosi ya wiki iliyopita," nilisema. "Lakini hiyo si ugonjwa, daktari. Ni kazi yake. Alikuwa mchunaji chai zaidi ya miaka thelathini."

Kalamu ilisimama. Alinitazama bila ukali.

"Mimi kwetu ni kaskazini," akasema. "Kwetu hakuna chai. Wagonjwa wetu wanafanya hivyo hivyo."

Kisha akanieleza kwamba maambukizi yalianzia kwenye mkojo, yakapanda hadi kwenye figo, yakaingia damuni, na kwamba mzee akiwa na sumu mwilini akili huvurugika na mikono huanza kutafutatafuta vitu juu ya nguo na hewani. Ni dalili ya zamani, alisema, hata wauguzi wanafundishwa. Aliuliza kama kulikuwa na mtu aliyeigundua mapema. Nikamwambia hapana. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando yangu.

Mama alifariki Jumatano.

Matangani watu walinifariji kwa methali. Mganga hajigangi, waliniambia, wazee kwa vijana, mpaka nikachoka kuitikia. Mganga anajua kwamba mgonjwa ni mgonjwa, hawezi tu kujitibu. Mimi nilikuwa na mgonjwa mbele yangu nikamwita kielelezo. Yule mwenzangu wa idara, aliyeiomba video, alinishika bega kule nyuma ya hema, akanikumbusha tunachokifundisha wote wawili: jambo likishatokea, kila mtu hudhani lilikuwa wazi tangu mwanzo, na anajilaumu kwa kutoona kitu ambacho wakati ule hakikuonekana. "Ni akili inakudanganya," akasema. "Hukuwa na namna ya kujua."

Nilitamani sana awe anasema kweli. Ni faraja nzuri, na kwa watu wengi ni ya haki. Lakini mimi niliambiwa. Niliambiwa Jumanne, mchana, kwa Kiswahili rahisi, na mtu aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Mama alikuwa na siku tano nzima za kuokolewa. Huyo mwanafunzi alikuja mazishini na wenzake katika basi la chuo. Alipanga foleni, akanipa mkono, akasema pole, Madam. Nilimsubiri aseme zaidi. Alisogea kumpisha aliyekuwa nyuma yake, na tangu siku hiyo darasani huketi nyuma kabisa, na mimi simuulizi swali.

Mdogo wangu naye hajawahi kunilaumu. Tunaongea kwenye simu kila Jumapili, kuhusu watoto na mvua. Siku hizi jambo dogo likitokea, mtoto akikohoa, anampeleka zahanati kwanza, ndipo ananiambia. Hajasema kwa nini ameanza kufanya hivyo.

Nimekuwa nikisimulia kana kwamba Mama hakuzinduka tena. Alizinduka. Huwa naruka asubuhi hiyo ninapowasimulia watu, na nusura niiruke hata hapa.

Ilikuwa Jumanne, siku moja kabla hajafariki. Dawa zilikuwa zimeanza kumshusha joto, na alifumbua macho akawa yeye mwenyewe. Alinitambua. Aliniita Mama, kama alivyoniita tangu utotoni, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Aliuliza kama mahindi ya mdogo wangu yameota. Alikunywa maji kidogo kwa kijiko. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya shuka, na mimi nikaitazama, nikashindwa kujizuia. Hata pale, kando ya kitanda cha hospitali, bado nilikuwa nataka kuwa nilikuwa sahihi hata kidogo.

"Mama," nikamuuliza, "zile siku nyumbani, ulikuwa unaota uko shamba? Ulikuwa unachuna majani?"

Alinishangaa.

"Kuchuna nini? Nilikuwa nasikia baridi. Baridi mingi sana. Navuta blanketi, haiji."

"Blanketi ilikuwa hapo, Mama."

"Kuna mtu alikuwa ananifunua," akasema. "Mimi navuta, yeye anashusha."

Ili mikono ionekane vizuri kwenye video, nilikuwa nimelikunja blanketi hadi kiunoni. Nilifanya hivyo Jumamosi, na Alhamisi nikafanya tena, na kila vidole vyake vilipolipandisha, nililishusha kwa upole, nikarudi nyuma na simu yangu. Alhamisi ilichukua muda mrefu, maana nilitaka mwanga wa dirisha.

Alifumba macho. Nilidhani amelala, lakini akanitafuta kwa mkono, akanishika kidole.

"Umwambie huyo mtu aache, Mama."

Nikamwambia nitamwambia.